Chupa Zangu Kando ya Barabara ya Dodoma

Wazo lilikuwa langu. Naliandika hapa mwanzoni kabisa, kwa sababu leo ukipita Ikungi ukaona meza za mafuta ya alizeti zimejipanga kando ya barabara, hakuna atakayekuambia kwamba mambo hayo yote yalianzia chini ya kitanda changu, mtaa wa Utemini, mjini.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Tulikuwa tumezoea kwamba kusafirisha debe la mafuta ni kujitafutia maswali kwenye kizuizi, mara tukaambiwa uzeni mnachotaka. Kila mtu akawa na mradi. Mwalimu mkuu wetu alifuga bata, mwalimu wa hesabu alikodisha baiskeli, na mimi nilikuwa na wazo. Mkoa mzima unalima alizeti, malori na mabasi yanapita Ikungi kutwa, na hakuna aliyefikiria kumuuzia msafiri mafuta kwenye chupa akiwa amekaa zake garini. Lilinijia nikiwa nasahihisha madaftari, nikacheka peke yangu mpaka darasa likanyamaza kuniangalia.

Nikaanza kukusanya chupa. Nilizifuata baa, nilizifuata harusini, nikaziosha kwa mchanga na maji ya moto, nikazilaza chini ya kitanda kwa mistari. Baada ya hapo nikakwamia kwenye utaalamu. Nilitaka vizibo vinavyofanana, na vizibo vinavyofanana havikupatikana. Nilitaka lebo, nikachora maua ya alizeti tisa, kila moja kwa namna yake, nisiridhike na hata moja. Meza nayo sikujua niipake rangi gani.

"Utaanza lini?" mke wangu alikuwa akiniuliza.

"Nikishapata vizibo."

Miezi saba ikapita hivyo, nami nilikuwa na furaha tele, maana kichwani mwangu nilishakuwa tajiri.

Kisha nikaitwa semina ya walimu ya wiki mbili. Niliporudi niliinama kuzisalimia chupa zangu, nikakuta chini ya kitanda kweupe. Nilitoka nje mbio. Mke wangu alikuwa amekaa uani anachambua mlenda.

"Mama alikuwa na shida ya chupa," akasema.

"Chupa za nini?"

"Za mafuta. Ameweka meza barabarani, pale Ikungi."

"Na vizibo?"

"Amekata magunzi."

Magunzi. Miezi saba natafuta vizibo, na hakuna nyumba mkoani humu isiyo na rundo la magunzi ya mahindi nyuma ya jiko.

Nilikasirika, sifichi. Angekuwa jirani ningekwenda kusimama mlangoni kwake nikamwaga yote yaliyokuwa kifuani. Lakini huyu alikuwa mama mkwe wangu, na kwetu mwanamume hasimami mbele ya mama mkwe wake. Hamtazamani usoni, hamli pamoja, na mkikutana njiani wewe unaingia kichakani mpaka apite. Nilikuwa nimeoa miaka minne na sikuwahi kubadilishana naye neno hata moja. Salamu, shukrani, habari za wagonjwa, vyote vilipita kwa mke wangu. Sasa utamgombezaje mtu ambaye huruhusiwi hata kumwamkia? Na kuweka meza yangu jirani na yake ndiyo kabisa haikuwezekana, maana tungeshinda tunaonana. Alikuwa amenifungia barabara nzima bila kuvunja adabu hata kidogo.

Ila mafuta yenyewe hayakuniuma sana. Nilipoposa, ukweni walisema binti yao anakwenda kuolewa na mtu wa maneno matupu. Meza ile ndiyo ingewajibu. Nilitaka mama yule apite siku moja, aione, arudi nyumbani akaseme mkwe wake naye ana kitu.

Wiki chache baadaye nilipata nafasi kwenye lori lililokuwa linakwenda Dodoma, nikafuate vitabu vya shule. Tulikuwa wawili tu, mimi na dereva. Nilivaa kofia yangu ya pama, ile niliyoolea, ambayo mkoa mzima ulinijua kwayo. Tulipofika Ikungi dereva akapunguza mwendo.

"Ngoja nichukue mafuta kwa yule mama," akasema.

Nikaiona meza. Chupa zangu zilikuwa zinang'aa juani, zimejaa manjano hadi shingoni, nzuri kuliko nilivyowahi kuziota, na kwa muda mfupi nilisahau hasira nikabaki natabasamu. Kisha nikamwona mwenye meza, chupa mbili mkononi, anakuja mbio kwenye dirisha la upande wangu.

Nikateleza chini. Nilijikunja mbele ya kiti, magoti masikioni, kichwa kikigusa kopo la grisi. Kofia ilinivuka ikabaki kitini. Nikamwashiria dereva asinitaje, naye akaitikia kwa kichwa, macho yamemtoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbili kama siku zote?"

"Mbili. Hivi mama, biashara hii ulifundishwa na nani?"

"Akili si yangu. Ni ya mkwe wangu, mwalimu huko mjini. Nawaambia wote wanaosimama hapa. Ana akili yule, sijapata kuona. Tatizo lake anangojea vizibo."

Dereva alicheka mpaka kiwiko kikagonga honi. Mimi huko chini nilikuwa nimeuma mkono wa shati, machozi yananitoka, nacheka na kuona aibu kwa pamoja. Wote wanaosimama hapo. Nilitamani malori ya nchi nzima yasimame.

Mkono wake ukaingia dirishani kuweka chupa kitini, ukasita. Nikajua ameiona kofia. Aliposema tena, sauti yake ilitoka mbali kidogo, kwa hiyo alikuwa amegeuza uso kutazama barabara, kama adabu inavyotaka.

"Na huyo mwenzako aliyelala huko chini, akirudi mjini amwambie mwalimu chupa zimeniishia. Alete nyingine. Na yale maua aliyochora, binti yangu alinionyesha. Ayalete yote tisa, nibandike."

Sijui ujasiri niliutoa wapi.

"Nitamwambia," nikaviambia viatu vyangu.

"Asichelewe."

"Hatachelewa."

Lori lilipoondoka nilijikwamua, nikakaa, nikavaa kofia. Dereva alikuwa ananitazama kuliko alivyotazama barabara.

"Kumbe unafahamiana na yule mama?"

"Mwaka wa nne huu," nikasema. "Leo ndiyo tumeongea."