Mlango Unaofungwa na Bahari

Wifi yangu tulimpa jina la Mbona kabla hajamaliza wiki ya kwanza nyumbani kwetu. Kaka yangu alituambia analeta mke, kumbe analeta mpelelezi. Mbona mlango wa jikoni unafungukia nje? Mbona baba ana redio mbili na zote amezizima? Mbona maji ya sinki yanazunguka kabla ya kuingia kwenye tundu? Mimi ni fundi cherehani, ninashonea sebuleni karibu na dirisha, na mtu anayepachika mkono wa shati hapendi kusemeshwa. Nikamwambia kuuliza si ujinga, lakini kuuliza mfululizo ni ugonjwa. Akacheka, akataka kujua ni ugonjwa gani.

Kaka yangu ni dereva wa lori, leo yuko huku kesho kule, kwa hiyo mke wake tulibaki naye sisi wawili, mimi na baba. Aliyemfaidi ni baba. Nasema kweli, wivu niliuona. Mimi nimezaliwa na mzee huyu, nimemfulia na kumpikia tangu mama alipofariki, lakini jioni alikuwa anasikiliza mlango utafunguka saa ngapi ili Mbona aingie na maswali yake.

Baba alikuwa mtu wa kamba kwenye kivuko cha bandarini. Kivuko kikifika ng'ambo anarusha kamba na kuifunga, kikitaka kuondoka anaifungua. Maisha yake yote ya kazi aliyapitisha juu ya maji yaleyale, yenye rangi ya chai iliyokaa, na hakuwahi hata siku moja kuona yana nini chini. Jambo hilo lilimkera kuliko unavyoweza kudhani. "Nimeyapa maji yale kofia zangu, funguo zangu, na kiatu cha abiria mmoja," alikuwa akisema, "na hayajanikaribisha hata kunionyesha sakafu."

Mbona ni fundi bomba. Mradi wa barabara ya kupita chini ya maji ya bandari ulipoanza, alikuwa wa kwanza kusimama getini, na kazi akapata. Jioni ile hakula. Alituita wote wawili bafuni.

"Baba, hii ndoano ya taulo imeshikwa na nini?"

Ni ile ndoano ya plastiki yenye kikombe cha mpira, unaibandika kwenye kigae.

"Imenata," baba akasema.

"Haina gundi."

Baba akaivuta. Ikagoma. Akaivuta tena, ikatoka kwa mlio kama busu, na mzee wangu akacheka kama mtoto.

"Umetoa hewa iliyokuwa katikati," Mbona akaeleza, "basi hewa ya nje ndiyo inaisukuma ukutani. Na sisi tutafanya hivyohivyo, ila kwa bahari."

Nilisimama mlangoni na sindano mdomoni nikijifanya sisikilizi. Akasema hawatachimba tundu kama panya. Wanajenga masanduku ya zege ndani ya shimo kubwa kando ya bandari, kila moja refu kama mtaa wetu. Ncha zote mbili wanaziziba kwa kuta za chuma, shimo wanalijaza maji, na sanduku linaelea.

"Zege linaelea?" Nililisema hilo mimi, likanitoka tu.

"Meli ya chuma mbona inaelea, wifi?"

Kisha boti zinalivuta hadi mahali pake na kulizamisha polepole kwenye mtaro uliochimbwa chini, kichwa chake kikikaribia kichwa cha lile lililotangulia. Katikati kuna mpira mnene unaozunguka mdomo wote wa sanduku. Kati ya kuta mbili za chuma panabaki chumba chembamba kilichojaa maji ya bahari. Fundi bomba anakuwa upande wa ndani, kwenye sanduku la zamani, mbele ya koki. Anaifungua, maji ya chumba kile yanamwagika, na bahari yote iliyo nyuma inalisukuma sanduku jipya mpaka mpira unabanwa.

"Kwa hiyo bahari yenyewe ndiyo inayofunga mlango," baba akasema.

"Ndiyo, baba. Mimi nafungua koki tu."

Usiku ule ndoano ilibandikwa na kubanduliwa mpaka kigae kikachoka.

Sasa, baba alikuwa na presha ya macho. Daktari alishatuambia kwamba kilichopotea hakirudi, na dawa ni ya kuchelewesha tu. Pembeni alikuwa haoni tena. Katikati pamebaki pa kuchungulia, kama tundu la kitasa, nalo lilikuwa linazidi kuwa dogo. Siku moja akiwa ameshika kikombe akamwambia Mbona, "Mwanangu, nataka kusimama chini ya njia ya kivuko changu nikiwa bado naona. Nitazame juu."

Nikamuuliza atatazama nini, huko juu si zege tupu?

"Nitatazama zege," akanijibu. "Wewe umewahi kulitazama likiwa chini ya bahari?"

Msimamizi wa kazi alikuwa ameahidi kwamba sanduku la katikati, lililo chini kabisa pale kivuko kinapopita, likishafungwa salama, kila mfanyakazi ataruhusiwa kuleta watu wake. Tangu hapo nyumba yetu ilisubiri sanduku la katikati. Baba alikuwa akiweka matone yake machoni huku anauliza limefika wapi. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilianza kuuliza.

Wakati huo Mbona alikuwa na mazoea mapya ya kulamba kuta. Akiona unyevu jikoni, kidole ukutani, kidole mdomoni. Nilipomfokea akanieleza kuwa kule ndiyo kazi, kuanzia mhandisi mpaka mfagizi. Zege linatoa jasho, na jasho lake halina chumvi. Ukiona pamelowa unaosha kwa maji ya bomba, unafuta kwa kitambaa kikavu, unasubiri, halafu unaonja. Pakiwa baridi tu, ni jasho, endelea na kazi. Pakiwa na chumvi, ni bahari inabisha hodi.

Siku ya sanduku la katikati aliondoka bila kunywa chai. Aliporudi alikuwa kama mtu aliyetoka msibani, na mambo yote akatusimulia akiwa amesimama.

Koki ilifunguliwa, maji yakamwagika vizuri, mlio wa sanduku likisogea ukasikika kama mlango mzito. Watu wakapiga makofi. Wakafungua mlango mdogo wa chuma, Mbona akatangulia kuingia kwenye chumba chembamba ambacho asubuhi ile kilikuwa bahari. Kaa mmoja alikuwa amebaki sakafuni, ameinua magando kama mwenye nyumba anayetaka kuona kibali. Hapo baba akatabasamu, akidhani ni hadithi ya furaha.

Kwenye kona ya chini, mpira ulikuwa na unyevu. Kidogo sana, wa kulowesha kidole. Akaosha, akafuta, akasubiri. Ukarudi. Msimamizi akauliza kutoka mlangoni, uso wote matumaini, "Jasho, siyo?"

"Ukasemaje?" nikamuuliza.

"Nilionja, wifi. Nikasema chumvi."

Msimamizi naye akaingia, akaonja, akakaa chini palepale kwenye maji. Chumba kikajazwa tena, sanduku likarudishwa nyuma, wapiga mbizi wakateremka kupapasa, maana kule chini hakuna kuona. Wakakuta mkanda wa turubai umebanwa kwenye mpira. Mpira unaposafirishwa hufunikwa usikwaruzwe na boti, na kifuniko hufungwa kwa mikanda. Aliyeifungua aliifungua kwa kupapasa, na mmoja ukabaki. Mpira ulikuwa umeumia. Sanduku zima lingevutwa kurudi shimoni, libadilishwe mpira, na kuingojea zamu nyingine ya maji tulivu. Wageni hakuna mpaka hapo.

Nilipandwa na hasira ambayo sijui ilikuwa imekaa wapi siku zote hizo. Nikampa vidonge vyake.

"Neno moja tu! Ungesema jasho. Mwenyewe unasema ulikuwa unyevu wa kulowesha kidole. Baba angeshuka, angeona, halafu mngerekebisha baadaye!"

"Wifi, mkanda ukioza pale..."

"Sitaki kujua ukioza! Macho ya baba yangu ndiyo yanayooza! Kila siku mbona, mbona. Mbona leo hukujiuliza huyu mzee atasubiri kwa macho gani?"

Mbona akakaa. Machozi yalimtoka, akajifuta kwa mkono wenye vumbi la saruji. "Na mimi ni baba yangu," akasema.

Baba alikuwa ameinamia kikombe chake. Nilijua ameumia, kwa sababu hakufanya mzaha. Baadaye akasema, "Kamba ikiwa imelegea, mtu hasemi imekaza kwa sababu nahodha ana haraka." Kisha akaomba aongezewe chai.

Mimi na wifi yangu tuliishi tukipishana kwenye korido. Nilimshonea ovaroli iliyochanika, lakini nilimwachia mlangoni bila neno. Tundu la kitasa la baba likazidi kujibana. Asubuhi moja alinyoosha mkono kuchukua sukari akaupeleka mbali kabisa na bakuli. Nikalisogeza bakuli mpaka likagusa vidole vyake. Sanduku liliporudishwa chini, na Mbona akaingia nyumbani akisema kwa sauti ndogo kwamba pamekauka, baba alikuwa haoni tena mwanga wa dirisha langu.

Nilidhani hataki kwenda tena. Akavaa koti lake la kivuko.

"Mwenye macho haambiwi tazama," akasema. "Sasa mimi niambieni."

Tukashuka. Tulipewa kofia ngumu na viatu vya mpira, na baba tukamweka katikati. Nilikuwa nimetegemea kitu cha kutisha, pango labda. Palikuwa na barabara pana isiyo na lami, taa zimefungwa kwenye waya, ndoo za rangi, na mtu akila mkate juu ya gurudumu. Nikaanza kumsimulia baba, kwanza kwa shingo upande, kisha nikajikuta siachi. Nilimwambia kuta zina rangi ya majivu, dari imenyooka, sauti zetu zinatutangulia. Mbona aliniachia mimi.

Akatusimamisha. "Hapa ndipo, baba. Kivuko kinapita juu yetu."

Baba akainua uso na kutazama juu, macho wazi, kana kwamba yanamfanyia kazi. Tukasubiri. Ukaja mvumo, ukianzia kwenye nyayo kabla ya masikio, ukakua, ukapita juu ya vichwa vyetu. Baba akanishika mkono kwa nguvu.

"Ile injini ya kushoto," akasema, "bado inakohoa!" Akacheka mpaka aliyekuwa anakula mkate akasimama.

Hapo ndipo iliponijia kwamba kivuko kile chenye magari na watu kiko juu yangu, na chini ya kivuko kuna bahari, na chini ya bahari nipo mimi. Hamu yote ya kusimulia ikaniisha. Macho yangu yakaanza kutafuta, na yalichokuwa yanatafuta ni ile kona ya chini, penye mpira mweusi ambao walikuwa hawajaufunika.

"Wifi," nikasema. Lilikuwa neno langu la kwanza kwake tangu siku ile. "Una hakika pamekauka?"

"Nina hakika."

"Hakika kabisa? Mbona hapo pembeni panang'aa?"

Baba akageuza uso upande wangu, tabasamu limejaa mashavuni. Mbona hakunicheka, ingawa haki alikuwa nayo. Alichukua kitambaa kikavu mfukoni, akanipa.

"Futa, usubiri, halafu uonje mwenyewe."

Nikapiga magoti kwenye vumbi. Nikafuta ile kona, nikasubiri, nikapitisha kidole kwenye mpira na kukitia mdomoni mbele ya baba yangu na mafundi wote.

"Kuna chumvi?" baba akauliza.

"Hakuna, baba," nikamjibu. "Vumbi tupu."