Mayai ya Kukhu Nafula

Nani hapa anafuga kuku? Yai likioshwa na sabuni, bado litatoa kifaranga? Nijibuni haraka, sijatulia.

Leo nilipeleka watoto tisa wa kanisa letu hapa Webuye kumsaidia Kukhu Nafula kule Matulo. Kukhu ni nyanya kwa Kibukusu, na huyu anaishi peke yake.

Wakafagia, wakachota maji, wakaosha sufuria. Mimi niko nje nakata nyasi, najisifu kimoyomoyo.

Kumbe chini ya kitanda kulikuwa na kuku amelalia mayai.

Wakamfukuza. Wakaosha mayai yote kumi na mawili, ati yalikuwa machafu. Nekesa, wa miaka saba, ndiye alikuja kunionyesha vile yanang'aa kwa beseni.

Bana, nilimpelekea Kukhu beseni mbio.

Kukhu hakugomba. Aliyapanguza, akayarudisha kwa kikapu chini ya kitanda, halafu akatuketisha nyuma ya jikoni. "Kaeni kimya. Kuku akisikia kelele hatarudi."

Tukakaa. Akatusimulia kwa sauti ya chini vile aliolewa. Kila mara anaenda kuchungulia, anarudi akitingisha kichwa. "Bado."

Masaa mawili hivi. Nekesa analia. Mimi nawaza nitamwambia pasta nini.

Nikashindwa kuvumilia, nikaenda kuchungulia mwenyewe. Kuku ametulia juu ya mayai, amefunga macho.

"Kukhu, si huyu ameingia?"

"Aliingia kitambo."

"Na si ungetuambia?"

"Ningewaambia, mngeenda."