Bajaji isiyo na sauti na mkwe wangu

Leo nusura nikutane uso kwa uso na mkwe wangu, wajukuu zangu!

Bajaji yangu ya umeme mnaijua. Betri inakata pumzi kabla ya kufika kijiji cha Ngonga, na bati linavyogonga, kijiji kizima kinajua mzee anakuja.

Muuzaji wa hapa mjini akanibembeleza niibadilishe kwa mpya.
"Ijaribu, mzee. Haina kelele kabisa."

Nikaijaribu, yeye kakaa nyuma.
Kweli, kimya kama paka.

Njia nyembamba, mpunga huku na huku. Mbele yetu mwanamke na ndoo kichwani.
Nikaujua mgongo. Mke wa mwanangu!

Kwetu Wanyakyusa, mkwe akimsikia baba mkwe anakuja, anajificha. Hawaonani.
Sasa leo atasikia nini?

Kumwita siwezi. Honi siioni. Nikabonyeza kitu, waipa ikaanza kupangusa jua!

Ndoo ikaanza kugeuka.
Nikakanyaga breki, nikafumba macho.

Chubwi! Kajirusha kwenye maji ya jaruba la mpunga.

"Mzee, umeua!" muuzaji akapiga kelele.
"Nyamaza, kijana. Hiyo ni heshima."

Nafika nyumbani, bibi yenu ameshapata habari zote.
"Mkweo hajaumia. Anasema chukua mpya, amechoka kuona mumewe anaitwa kila siku kukusukuma. Ila ukiwa njiani, uimbe."

Nimeichukua.

Tatizo, wimbo pekee ninaoujua mpaka mwisho ni wa kilabuni, na ule mkwe hapaswi kuusikia.
Nipeni mwingine, upesi. Kesho asubuhi natoka!