Mashua Tuliyoizamisha kwenye Maji Moto

Chemchemi ya maji moto ya ufukoni kwetu, nje kidogo ya mji wa Gisenyi, ilinuka kutu, na mapovu yake yalipanda ziwani usiku na mchana bila mtu kuyajali. Ndiyo maana baba aliichagua aifiche mashua yake humo. Miaka ile ya hamsini wakubwa wa serikali waliamuru kila mashua isiyo na kibali ichomwe moto, kwa kuwa watu walivusha magendo kwenda Goma. Baba alinyimwa kibali, na mashua ile ndiyo iliyotulisha. Asubuhi moja, tuliposikia polisi wanakuja, yeye na mvuvi mwenzake Kabano waliijaza mawe, wakang'oa kizibo cha chini, ikazama. Kabano alipiga ishara ya msalaba. Baba aligeuza uso, nami, msichana wa miaka minane, niliogopa kwa kuwa sikuwahi kumwona akilia.

Wanaume wakajificha migombani. Polisi walimkuta mama akifua palepale, mimi nikisuuza ukingoni, maji yalipopoa kidogo.

"Mama, mashua ya bwana yako iko wapi?"

"Mi sijui, bwana. Wanaume hawatuambiake kitu."

Mkubwa wao aliyakazia macho mapovu mbele ya magoti yangu. Mengine yalitoka ardhini; mengine, nilijua, yalitoka kwenye mashua yetu.

"Na hii maji inachemuka nini?"

"Ni maji moto, bwana. Iko vile tangu zamani. Ingiza mukono, utaona."

Aliuingiza, akauchomoa upesi, wenzake wakamcheka, wakaenda zao. Mama aliendelea kulifikicha shuka lile lile, nusura alichane.

Polisi walipoacha kupitapita, mashua iliopolewa. Baba alipitisha kidole kwenye maungio ya mbao. Lami iliyoyaziba ilikuwa imeyeyuka kwa joto. Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo.

"Bon, haya," Kabano akasema, "tumeiepusha na moto, tukaipika."

Tangu hapo haikuacha kuvuja. Baba akivua, mimi nilichota maji kwa kopo, nikijua nikichoka tutazama sote. Hivyo ndivyo tulivyokula mpaka nilipoolewa. Siku hizi wajukuu hunitembeza ziwani kwa boti ya injini, chini pakavu kama sebuleni. Hucheka wakiniona nimeinama, mkono unapapasa sakafu. Natafuta maji, wala moyo wangu hautulii kwa kuyakosa.