Jumamosi ya Lynnet

Priscah hakujua kukaa. Hata chai aliinywa amesimama, kikombe mkono mmoja, mkono wa pili ukipangusa meza ambayo mtu ameshaipangusa. Ndiye aliyekuwa msimamizi wa bekari ya Mzee Maranga pale Migori, na wafanyakazi walimwita Mama Kerosi akiwapo; akitoka kidogo tu, walimwita Kimbunga. Alijua, na wala hakukasirika. Afadhali kimbunga kuliko mvivu.

Ijumaa moja mchana Mzee Maranga alimwita nje kwenye gari la kusambazia mikate. Alimwonyesha kreti zilizorudi kutoka Rodi Kopany na Kosele, mikate ya Jumamosi iliyopita, yote imeungua chini. Wenye maduka wa upande ule wa Homa Bay walikuwa wamechoka, wengine wameanza kuchukua mikate ya watu wengine. Mzee akauliza Jumamosi huwa anaoka nani. Priscah akajibu ni Lynnet. Basi, Mzee akasema, Jumapili asimkute Lynnet hapa.

Priscah akasema sawa. Eti sawa! Neno lilimtoka kabla hajalitafuna. Lynnet alikuwa binti wa Kosele, Mkatoliki, mpole, na kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ikimlisha yeye, watoto wake na mama yake kule nyumbani. Tena hakuna aliyemshinda kwenye oveni. Mtu kama huyo anaanzaje kuunguza mikate? Lakini Priscah hakuwa na nafasi ya kujiuliza sana, maana jua lilikuwa limeanza kuinama, na bekari hiyo ilikuwa na desturi yake.

Wafanyakazi karibu wote walikuwa Wasabato, Priscah akiwa wa kwanza. Ijumaa jioni kila mtu anavua aproni na kukimbilia nyumbani aoge, apike, aingoje Sabato akiwa safi. Unga uliokandwa nusu unabaki kwenye karai, trei chafu zinabaki kwenye sinki, na simu zinazimwa. Wanaobaki ni Lynnet na Austine dereva, hadi Jumamosi jioni. Kuna aliyewahi kuuliza wanafanyaje? Wapi! Mkate si ulikuwa unatoka?

Kanisani kesho yake Priscah hakutulia. Alikaa, akainuka, akahamia benchi la nyuma kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alifungua wimbo usio wenyewe. Mchungaji alipofika katikati ya mahubiri, jirani yake Rispa akamnong'oneza akimwuliza kama ana homa. Labda, akasema, akatoka na gauni lake jeupe la shemasi, akashika njia ya bekari. Alijiambia haendi kufanya kazi, anaenda kutazama tu. Miaka yote aliyosimamia bekari hiyo, hakuwahi kuiona Jumamosi yake.

Alisimama mlangoni. Lynnet alikuwa anakanda, viwiko vimejaa unga, simu ameibana kwa bega, akimsihi mwenye duka wa Kosele avumilie kidogo. Dirishani mteja alikuwa anagonga. Nje Austine alikuwa anapiga honi apakiziwe mikate asije akachelewa. Lynnet aliacha unga akakimbilia dirishani, akatoka dirishani akakimbilia kreti, na ndani ya oveni mkate ukaanza kunuka.

Priscah aliisikia ile harufu mpaka kwenye vidole. Leo Sabato, akajikumbusha. Akarudi nyuma hatua moja, akasonga mbele, akarudi tena. Roho ilimwuma. Halafu alinyakua kitambaa, akafungua oveni, akavuta trei moja baada ya nyingine, gauni jeupe likapakwa masizi kifuani.

Lynnet aliporudi akamkuta pale, alishtuka kama aliyefumaniwa. Alianza kuomba radhi kwa mikate ya wiki iliyopita. Priscah akamkatiza, akamwambia kesho asije, akapumzike na aende Misa.

Lynnet alicheka kidogo, bila ubaya wowote.

"Misa, Madam? Tangu Pasaka sijaiona. Jumapili si huwa unanipigia nije kidogo tu, kwa sababu oveni inanisikia mimi?"

Priscah akaitua trei mezani. Kumbe Sabato yake mwenyewe, ile aliyoilinda kwa wivu, huyu msichana ndiye aliyekuwa akiibeba mgongoni, na bado alikuwa anabebeshwa Jumapili pia. Aliona aibu, aibu ya kweli, ya kumchoma macho.

Jua lilipozama tu alianza kuzunguka nyumba za watu. Alimgongea Obare, mmoja wa wakandaji wa unga, akamwambia kesho oveni ni yake. Obare akalalamika kwamba oveni ni ya Lynnet. Akajibiwa ni ya bekari. Alimwambia Mniko, Mkatoliki mwenzake Lynnet aliyekuwa anaosha trei tu siku za kawaida, kwamba Jumamosi atakuwa anakuja kukanda. Na Wasabato wote aliwatangazia kwamba kuanzia sasa unga wa Ijumaa utakandwa uishe kabla ya chakula cha mchana, na hakuna atakayemwachia mwenzake karai. Walinung'unika. Wacha wanung'unike.

Jumapili asubuhi Mzee Maranga alifika mapema. Alichungulia huku na huku, hakumwona Lynnet, akaridhika. Kisha harufu ikampata. Obare alikuwa ametoa trei ya kwanza, nyeusi chini kama sufuria ya kuni, na ya pili ilikuwa inaelekea huko huko. Gari la Rodi lilikuwa linangoja. Mzee akashika kiuno, akatazama saa, akatazama mikate.

"Mama Kerosi, hebu mpigie Lynnet. Aje kidogo tu."

Mkono wa Priscah ulikuwa tayari mfukoni, umeshika simu, kwa mazoea. Akautoa mtupu.

"Mzee, ulisema Jumapili usimkute. Yuko Misa. Kesho atarudi kazini, amelala vizuri, na hataoka peke yake tena."

Obare alikuwa anahangaika na trei ya tatu, jasho linamtiririka, na mteja ameshaanza kugonga dirisha. Mzee akavua koti, akalitundika kwenye msumari, akauliza kitambaa cha kushikia trei kiko wapi.