Mlima Nilioupanda kwa Mdomo

Ukifika Sauzi ukasema umetoka Tanzania, hakuna anayekuuliza hali ya mama yako. Unaulizwa Kilimanjaro. Mwaka wa kwanza nilijibu kweli: mimi mtu wa Tanga, mlima huo nimeuona mara moja tu dirishani mwa basi la Arusha, tena umejifunika mawingu. Watu wakanuna kana kwamba nimewanyima chai. Mwaka wa pili nikachoka, nikasema nimeupanda. Basi nikaupanda kwa mafundi wenzangu kule Doornfontein, kwenye karakana ninakoshona zipu za makoti. Nikaupanda kwa mwenye nyumba. Mwisho nikaupanda kwa binti yangu Zuhura, ambaye amezaliwa hapa hapa Johannesburg na ninaishi naye wawili tu tangu mama yake afariki. Huyo ndiye aliyeamini kuliko wote.

Sasa ana miaka kumi na mbili. Shule yao ikapanga safari ya theluji Lesotho, likizo ya Julai, na mwalimu akatafuta mzazi mmoja mwenye uzoefu wa milima. Mnajua ni mkono wa nani ulionyooshwa. Ningeweza kukataa, lakini Zuhura alirudi nyumbani anang'aa, akasema baba yake ndiye aliyechaguliwa. Niliogopa kumwona akigundua kwamba baba yake ni mwongo. Mlima wenyewe nikaona ni nafuu.

Ijumaa, saa kumi na moja alfajiri, tukaondoka Berea, mtaa tunaokaa. Nilivaa kila nguo niliyonayo. Basi la shule lilikuwa na watoto ishirini na mbili, Mwalimu Dlamini, na mimi, mtaalamu. Kabla hatujafika Bethlehem, mji wa huku huku Sauzi, watoto walishaniuliza kuhusu simba wa kileleni. Nikawaambia wanalala mchana. Zuhura akacheka na kutafsiri utani wangu kwa wenzake, maana Kiswahili anakisikia vizuri, ila kujibu anajibu Kiingereza.

Mpakani tulipigiwa mihuri bila shida. Kuanzia mji wa Butha-Buthe barabara inapanda na kujikunja, na upande mmoja kuna bonde ambalo sikulitazama mara ya pili.

Saa nane mchana tukafika. Enyi mlioko nyumbani, mnaoambiwa theluji ni pamba nyeupe, mmedanganywa. Milima yote ilikuwa ya kahawia kama mkate ulioungua, na katikati yake kamba moja nyeupe ya theluji iliyotapikwa na mashine. Juu ya hiyo kamba watu wazima, wenye akili na kazi zao, wanafunga mbao miguuni na kuanguka kwa hiari. Asubuhi panakuwa barafu tupu, unaanguka na kuumia. Saa sita panalainika kama uji, unaanguka na kulowa. Mwenyeji wetu, Ntate Lebohang, yaani Mzee Lebohang kwa lugha yao, Msotho mwenye blanketi na maneno machache, alisema hayo ndiyo mazingira mazuri ya msimu. Sikutaka kuyajua mabaya.

Theluji ya kweli, akasema, ipo juu, ukingoni mwa milima. Akatuonyesha majabali meusi na kueleza kwamba milima hii yote ni moto uliomwagika kutoka ardhini zamani za zamani, kisha ukapoa. Akanigeukia kwa heshima: bila shaka kule kwetu ni hivyo hivyo. Nikaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayekumbuka.

Jumamosi, saa tatu asubuhi, tukapanda. Mwalimu alibaki na wanaoteleza. Ntate Lebohang akachukua watoto tisa na mimi, akatugawia meno ya chuma ya kufunga chini ya viatu. Yangu niliyafunga kinyume. Zuhura akaona, akadhani ndivyo tunavyofunga Kilimanjaro, akafunga yake kinyume vilevile. Ntate akaja akatufunga upya sote wawili, na macho yake yakanikalia kidogo. Theluji ya ukingoni ilikuwa ngumu juu na tupu chini. Unakanyaga, inakubeba, kisha inakudondosha hadi gotini.

Saa tano ukungu ukashuka. Wakati huo huo msichana mmoja, Naledi, akateguka kifundo cha mguu. Mbele yetu palikuwa na mteremko wa barafu wa kuvuka ili turudi, na upande wake wa kulia hakuna kitu, ni korongo tu. Ntate Lebohang akaniita.

"Mimi nitambeba huyu nyuma," akasema. "Wewe wapitishe wanane. Barafu unaijua."

Zuhura alikuwa mbele ya hao wanane. Alishaanza kuwapanga, akiwaambia wakanyage pale atakapokanyaga baba yake.

Nataka niseme nilifikiri sana, lakini ni uongo mwingine. Miguu ndiyo iliyokataa.

"Siijui," nikasema. "Sijawahi kupanda mlima wowote. Nilidanganya."

Nilisema kwa Kiingereza, wote wakasikia. Ntate hakunitukana. Alitufunga wote kwenye kamba moja, akaenda mbele akichonga ngazi kwenye barafu kwa shoka lake. Mimi akanipa Naledi mgongoni, maana mizigo angalau naiweza. Tulitumia saa mbili kupita mahali pa dakika kumi. Zuhura alitembea nyuma ya Ntate moja kwa moja, na hakugeuka hata mara moja.

Jumapili tukarudi. Kwenye basi Zuhura alikaa na mwalimu. Watoto wengine walinisamehe kabla ya Bethlehem, wakataka kujua kama simba nao walikuwa uongo. Yeye hakutaka kujua chochote.

Saa kumi na moja jioni tukafika Berea. Lifti ya jengo letu ni pambo, tunakaa ghorofa ya saba. Ghorofa ya nne akasimama, akaweka begi chini.

"Baba," akasema, kwa Kiswahili, "na ile ya kwamba mwakani tunarudi Tanga?"

Kila mwaka nasema mwakani. Wote hapa tunasema. Hata yule Mkongo wa ghorofa ya pili, aliyezeekea humu, anasema mwakani. Nimeisema mara nyingi hata sikuihesabu kuwa uongo.

"Haturudi," nikamwambia. "Sina mpango wowote. Sijui kama tutarudi."

Alilia kidogo, bila kelele. Nilitaka kumshika, akanizuia kwa mkono.

"Basi mwambie Bibi. Kila Idi ananiambia chumba changu kipo tayari."

Safari hufundisha, ndivyo wasemavyo wasafiri. Mimi nimejifunza kwamba kushuka ni kugumu kuliko kupanda, hasa kwa aliyepanda kwa mdomo. Nilikaa pale pale kwenye ngazi, nikapiga simu Tanga. Mama alipokea kwa furaha, akihema.

"Umenikuta uani," akasema. "Naingiza godoro la Zuhura, leo nimelianika."

Nikamwambia, "Mama, kaa chini kwanza."