Siku Nilipomfungua Ng'ombe wa Mahakama

Mkitaka kunicheka nichekeni, lakini kwanza niseme mwenyewe, maana najua wengine mmeisikia huko sokoni ikiwa imetiwa chumvi, eti nilikamatwa nikimchinja ng'ombe wa mahakama. Uongo mtupu. Nilimfungua kamba tu, kwa mkono wangu huu, na aibu niliyoipata siku ile, mpaka leo nikipita Kisesa siku ya gulio navuta kofia hadi kwenye nyusi.

Enzi hizo wanunuzi binafsi wa pamba ndiyo kwanza wamemwagika kwetu, ushirika umeyumba, na mimi niliyekuwa karani wa mizani nimepunguzwa kazini, nipo nyumbani nagombana na kuku. Halafu nikateuliwa mzee wa baraza katika mahakama ya mwanzo. Jamani, mzee wa baraza si mtu mdogo: unakaa mbele ubavuni mwa hakimu, unasikiliza kesi, na mwisho unatoa maoni yako kama mshtakiwa ana hatia au hana, na maoni hayo yanahesabika. Nikaenda Mwanza mjini nikanunua koti la mitumba (lilikuwa la baridi ya Ulaya huko, jasho lilinitiririka hadi soksi, ila sikulivua), nikaanza kutembea mikono nyuma, mpaka mke wangu akaniambia, "Baba Ngollo, siku hizi hata chooni unakwenda kihakimu."

Sasa kesi yenyewe ilikuwa hivi. Kijana mmoja, Maduhu, alishtakiwa kumwibia Mzee Lubango ng'ombe jike mwekundu. Maduhu akakana, akasema ng'ombe ni wa marehemu baba yake, aliwekwa tu kwa Lubango ili alishwe huko, kama tunavyowekeana mifugo sisi Wasukuma, na yeye alikwenda kuchukua mali ya kwao. Lubango akasema hajawahi kuwekewa ng'ombe na mtu. Na wizi wa ng'ombe kwetu si kosa la kulipa faini ukaenda zako, ni kifungo cha miaka, na kijana wa watu alikuwa rumande tangu mvua za kwanza. Ushahidi wa upande wa Lubango ulishakwisha, ikabaki siku moja tu ya Maduhu kujitetea, na ng'ombe akaletwa kama kizibiti, akafungwa nyuma ya mahakama ili siku hiyo aonwe na wote.

Hapo ndipo nilipojiona nina akili kuliko sheria. Nikawaza, maneno yote haya ya nini, kwani ng'ombe si anajua kwao? Mfungue, mfuate, boma atakaloingia ndilo la mwenyewe, kesi imekwisha. Pale mahakamani njia inagawanyika, kushoto kwa Lubango, kulia kwa kina Maduhu (na ukinyoosha katikati unapita gulioni hadi kwangu, lakini hilo nani angelifikiria). Nilishaanza kusikia watu wakisema, yule Mihayo bwana, kaimaliza kesi kabla ya chai.

Basi siku yenyewe ya kesi, saa moja asubuhi, nikafika. Mhudumu wa mahakama alikuwa ameenda kutafuta chai. Nikatazama huku na huku, nikafungua kamba, nikampiga ng'ombe kofi la mgongoni, nikasema nenda mama, nenda kwenu. Akatembea kwa adabu hadi kwenye njia panda, na mimi nyuma yake, nipo kama mtu anayesubiri penalti. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akakojoa. Kisha akanyoosha katikati.

Nikasema labda anazunguka. Akaongeza mwendo, nami nikaongeza, akaanza kukimbia, nami koti linapepea nyuma, na siku hiyo ilikuwa ya gulio, akina mama ndiyo wanatandaza dagaa na nyanya chini, ng'ombe akapita katikati ya dagaa, na mimi (niseme ukweli) nikapita katikati ya nyanya, na nikasikia mtu anauliza huyo si mzee wa baraza, na mwingine anajibu ndiye, na huyo anayemkimbiza ndiye kizibiti. Sikugeuka. Unageukaje.

Nilipofika kwangu nimeishiwa pumzi, nikamkuta ng'ombe kashaingia zizini, kichwa chote kimezama kwenye mashudu ya pamba ambayo mke wangu alikuwa anawamwagia ng'ombe wetu. Mke wangu akaniuliza, "Huyu mgeni wa nani?" Nikamwambia nyamaza kwanza, nikaziba mlango wa zizi kwa miiba asije akatoka tena, nikakaa chini nipumue dakika mbili ndipo nimrudishe.

Dakika mbili sikuzipata. Nikasikia filimbi. Kumbe Lubango alifika mahakamani mapema akakuta kamba haina ng'ombe, akapiga yowe, na sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, wakafuata kwato na dagaa waliosagika mpaka kwangu, upinde na rungu mkononi. Kamanda wao alikuwa Ndaki, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta.

"Mzee Mihayo, toka. Mikono juu."

"Ndaki, mimi ni mzee wa baraza. Nisikilize kwanza."

"Wezi wote huniambia niwasikilize," Ndaki akasema, na sauti yake haikuwa ya jirani.

Wakamfunga ng'ombe kamba waliyokuja nayo, wakanishikisha mimi nimvute, ili kila mtu aone, tukapita gulioni kurudi tulikotoka, filimbi mbele, watoto nyuma, na wale mama wa dagaa wakisimama juu ya ndoo wanione vizuri. Nilitamani ardhi ipasuke. Kila niliyejaribu kumweleza alisema utaeleza mbele, na hakuna aliyesimama.

Hakimu wetu alikuwa binti wa Bukoba, mdogo kwa umri, mpole. Mbele ya mahakama iliyojaa, aliwatoa sungusungu nje, akaniambia keti mzee, anza mwanzo, na akaandika kila neno, hata la kukojoa. Nilipomaliza akaweka kalamu.

"Mzee Mihayo, ng'ombe anajua anakolishwa, hajui anamilikiwa na nani. Huyu angekwenda kwa Lubango ingethibitisha nini, na wote wanakubali kwamba alilishwa huko? Au sasa amekuwa wako kwa kuwa amekula mashudu yako?"

Mimi, mfugaji toka tumboni mwa mama, nikaanza kubandua mbegu za nyanya kwenye koti. Watu wakacheka hadi madirishani. Kisha akasema sifai tena kukaa kwenye kesi ile, lazima apatikane mzee wa baraza mwingine na ushahidi usikilizwe upya tangu mwanzo, na mshtakiwa arudi rumande siku kumi na nne. Hapo kicheko kikakatika. Maduhu, aliyekuwa amekaa pale akisubiri zamu yake, alikuwa kaletewa shati safi na ndugu zake, kalivaa akijua leo anajieleza na pengine anakwenda nyumbani. Akalitazama lile shati, akasimama, akaondoka na askari.

Baada ya siku hizo kumi na nne niliitwa tena, safari hii kizimbani kama shahidi, nieleze ng'ombe alifikaje kwangu. Nikaapa, nikaeleza, watu wakacheka tena, hata mimi nikatabasamu kidogo kujikosha. Hakimu akamgeukia Maduhu, "Mshtakiwa, una swali kwa shahidi?"

Akasimama. "Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Nina moja tu. Hizi siku kumi na nne nilizokaa ndani kwa ajili yako, ulikuwa unalala?"

Nilikuwa nimeapa, nikasema kweli. "Nililala, mwanangu."

Hakucheka mtu. Maduhu akasema hana swali lingine. Mchana ule wakaja wazee wawili waliokuwepo siku baba yake anampeleka ng'ombe kwa Lubango, wakasikilizwa hadi mwisho, na akaachiwa huru. Koti nilimpa shemeji, na barua ya kujiuzulu niliiandika kabla ya kuombwa. Siku hizi mtu akiniletea kisa cha mwenziwe namuuliza, mwenyewe yuko wapi? Kama hayupo, nampa kiti, nampa maji, na maoni yangu hapati.